Majivu Kwenye Maji ya Kigango

Ukifundisha sayansi katika kijiji ulichozaliwa, ujue kabisa kwamba wazee waliokufuta kamasi utotoni hawatakuita mwalimu hata siku moja. Oliva alilijua hilo tangu aliporudi kijijini kwetu Daudi na cheti chake, na kwa kawaida lilimchekesha tu. Mwaka ule halikumchekesha. Ndiyo kwanza wilaya zetu zilikuwa zimekatwa kutoka Arusha na kuitwa Mkoa wa Manyara, kila mtu ana matumaini yake, na huku bondeni watoto walikuwa wanaharisha damu. Watu walikuwa wameshampata mwenye kosa. Alikuwa Natalia, mke wa Margwe, kaka yake Oliva.

Natalia alikuwa amefiwa na kichanga chake mvua zilipoanza. Kwa sisi Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya anakaa meeta. Anabaki kwake, hali na watu, hasalimiani kwa mkono, na zaidi ya yote hakanyagi chemchemi. Maji anachotewa na mtu mwingine, tena yanamiminwa kutoka juu ili ndoo na ndoo zisigusane. Wazee watakuambia hiyo siyo adhabu, ni kuwakinga wengine na kile kilichomfika yeye. Padri amehubiri juu ya jambo hilo mpaka sauti imemkauka, na watu wanaitikia amina Jumapili, halafu Jumatatu wanapita njia ya mbali kulikwepa boma la mfiwa.

Mume naye anapaswa kukaa. Margwe alikaa siku chache, kisha akapanda basi kurudi Hanang kwenye mashamba makubwa ya ngano, ambako alikuwa anaendesha trekta. Mashamba yalikuwa yanauzwa, wenyewe wapya walikuwa wanapunguza watu, na asiyeonekana kazini alikuwa amejipunguza mwenyewe. Sawa, tumwelewe. Lakini mnaona mambo yalivyo: meeta ya mwanaume inaishia mlangoni mwa basi, ya mwanamke inabaki nyumbani pamoja na mwanamke.

Aliyekuwa anamchotea Natalia maji ni Oliva mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule alishuka chemchemi, akapanda na ndoo kichwani, akamimina, wakaongea kidogo kila mmoja akiwa upande wake wa kizingiti. Ndipo akaitwa Babati kwenye semina. Mkoa mpya ulipenda semina kama mtoto anavyopenda viatu vipya. Oliva alimwomba Imakulata, mke wa baba yake mkubwa, amshikie zamu. Imakulata alikubali bila shida, halafu ng'ombe wake akashindwa kuzaa, na mama yule akasahau kabisa kama kuna mtu anasubiri maji. Ndivyo alivyoeleza baadaye.

Oliva aliporudi alikuta mlango wa Natalia umefungwa mchana kweupe.

"Wifi," aliita. "Nimesikia maneno huko njiani. Ulikwenda chemchemi?"

Natalia akajibu akiwa ndani.

"Nilikwenda. Mara moja tu. Nilimkuta Lucia amelala kifudifudi anakunywa maji ya kuku."

Lucia alikuwa mtoto wake aliyebaki, binti wa miaka minne, ana macho ya Margwe na ubishi wa shangazi yake. Oliva alikaa chini pale pale nje akashika kichwa. Natalia alikuwa ameonekana. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatafuta mbuzi alimwona akiinama kuchota, na kufikia jioni bonde zima lilikuwa limemwona.

Na kwa bahati mbaya iliyoje, juma lile lile watoto wakaanza kuharisha. Mtu mwenye akili zake angeuliza kwa nini wasiharishe. Bomba la mradi lilikuwa limekufa. Zamani maji yalikuwa ya serikali, halafu tukaambiwa siku hizi kila kitu ni kuchangia, tukaunda kamati, kamati ikagombana, mashine ya kusukuma ikanyamaza. Watu wote wakarudi chemchemi ile ya babu zao, na ng'ombe wote wakarudi nao, wakawa wanakunya hatua chache juu ya pale tunapochota. Oliva aliliona hilo. Alikuwa ameshawafundisha wanafunzi wake wawaambie mama zao wachemshe maji ya kunywa, na karibu nusu ya nyumba zilikuwa zinachemsha. Lakini watoto wawili walikuwa wameshazikwa, na mmoja alikuwa mjukuu wa Mzee Sulle.

Mzee Sulle ndiye huyo baba mkubwa wa Oliva, na ndiye aliyesikilizwa wazee wakikaa. Msije mkamfikiria kuwa ni mzee mkorofi. Alikuwa mtu wa haki, mtulivu, anayesikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli mkorofi angekuwa nafuu, maana mkorofi watu wanampinga.

Oliva alimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mke wa kaka yako."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Kaa." Alifuta panga kwenye nyasi. "Wenzangu wanataka aondoke bondeni. Mimi nimewaambia sihukumu mtu kwa maneno ya mtafuta mbuzi. Lakini mjukuu wangu nimemzika, Oliva. Na mke wa Margwe mwenyewe hajakana."

"Akiondoka, Lucia je?"

"Lucia ni mtoto wa ukoo. Atabaki hapa."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayetaja jina la mlima. Natalia alikuwa ameshazika mmoja, na sasa wanataka kumchukua na huyu aliye hai. Hapo ndipo akasema lile neno lake, na mimi mpaka leo nikilikumbuka naona hasira, maana lilikuwa neno zuri, la kisomi, na lilimponza.

"Baba mkubwa, kile kilicho kwenye maji mimi nimekiona. Kwenye hadubini ya shule. Ni vidudu, vinatoka kwenye mavi ya ng'ombe, havikuletwa na mtu. Vidudu vikichemshwa vinakufa. Meeta je, inakufa kwa moto?"

Mzee Sulle alifikiri. "Hapana. Moto hauiwezi."

"Basi waite wazee. Nitachemsha maji ya chemchemi mbele yenu na mtaangalia wenyewe. Kikifa, ni kidudu, na Natalia hana kosa. Kisipokufa, mimi sitasema tena."

"Hutasema tena?"

"Sitasema tena."

Mzee alimwangalia kwa muda. Pengine alikuwa anamtafutia njia ya kurudi nyuma, lakini Oliva alikuwa ameshainua kidevu. Ubishi ule ule.

Hadubini yenyewe ilitoka mjini Mbulu, kwenye zahanati ya mtu binafsi. Iliponunuliwa, ruhusa ya watu kufungua zahanati zao ilikuwa ndiyo imetoka. Baadaye mwenye zahanati akagundua kwamba wagonjwa wa Mbulu wanalipa kwa maharage, akafunga, hadubini akaipa shule. Ilikuwa na kioo kidogo chini cha kukamata jua. Oliva alikuwa ameangalia tone la maji ya chemchemi, akaona viumbe wanene wakikimbia huku na huku, na katikati yao vitu vidogo sana, kama vumbi, vikitetemeka. Vilikuwa havikimbii. Vilicheza pale pale, kushoto, kulia, juu, nyuma, bila mpango na bila kupumzika. Alisema moyoni: wadudu wakubwa na wadudu wadogo. Akafurahi, akafunika mashine, akaenda kumtetea wifi yake. Hakuchemsha kwanza akaangalia peke yake. Ni hilo tu. Angefanya hilo tu.

Jumanne wakakutana kwenye baraza la kigango. Ukungu ulikuwa mzito, ile baridi ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno, na hadubini bila jua ni chuma tu, kwa hiyo wakakaa wamejikunyata ndani ya mablanketi mpaka karibu saa sita. Jua lilipotoka Oliva aliweka tone la kwanza, bichi, na wazee wakainama mmoja mmoja. Mmoja alifumba jicho lisilotakiwa. Mwingine aliona kope zake mwenyewe akasema kuna nyoka. Watu walicheka, na Oliva naye alicheka. Alikuwa na uhakika, masikini.

Mzee Sulle aliangalia wa mwisho.

"Naona wakubwa wanakimbia," alisema. "Na wadogo wanacheza."

"Ndiyo hao, baba mkubwa. Sasa angalieni moto."

Alichemsha maji yale yale kwenye sufuria ya kigango, kwenye mafiga, kila mtu akiona. Yalichemka, yakaruka, yakamwagikia kuni, akayaacha yaendelee kuchemka mpaka mzee mmoja akauliza kama anapika makande. Kisha akaipua, akayaacha yapoe kabisa, akadondosha tone, akarudi nyuma na kumpisha Mzee Sulle.

Mzee aliinama, akakaa hivyo. Watu wakaacha kuongea. Alipoinuka hakumwangalia Oliva usoni.

"Wakubwa wamekufa," alisema.

"Mnaona," alisema Oliva.

"Wadogo wanacheza."

Oliva aliinama mwenyewe. Viumbe wanene walikuwa wametulia kama magunia. Na pande zote kuwazunguka, vile vidogo vilikuwa vinatetemeka vile vile, kushoto, kulia, nyuma, juu, kama havijawahi kusikia habari ya moto. Alirekebisha kioo, akafuta lenzi kwa kanga, akaangalia tena. Vilicheza.

"Nichemshe tena," alisema.

Akachemsha tena. Kuni za kigango ziliisha, wakaleta nyingine. Tone la tatu lilikuwa vile vile. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka. Wazee walikuwa wanakuja kuangalia kwa haraka na kuondoka kwa haraka, kama watu wanaochungulia kaburi.

Mtu akizama anashika chochote. Oliva alikumbuka somo lake la chuo, kwamba jaribio linahitaji maji mengine ya kulinganisha. Akakimbilia tangi la kigango, lile la mvua ya bati, akakinga glasi ya maji yaliyotulia siku nyingi, akaweka tone. Alifikiri akionyesha kwamba vidogo vimo hata humo, jambo litakuwa limekwisha.

Mzee Sulle akaangalia. "Humu hakuna kitu. Ni kweupe."

Wakaangalia wote. Kweupe kabisa, mwanga mtupu. Maji ya kigango yalikuwa shwari, na ya chemchemi yalikuwa na kitu kilichoushinda moto. Aliyewaonyesha ni Oliva, kwa mkono wake, mchana, mbele ya kanisa.

"Tutakaa Alhamisi," alisema Mzee Sulle. Akajifunga blanketi, akaondoka.

Jumatano Oliva hakufundisha. Alipanda basi la asubuhi kwenda Mbulu mjini kumtafuta Idrisa, mwalimu wa fizikia waliyesoma naye chuo, mtoto wa wenye duka la vitambaa karibu na soko. Alimweleza yote akiwa amesimama. Idrisa alianza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Oliva, hao siyo wadudu. Ni udongo. Chemchemi yenu ina ule udongo laini mweupe, au siyo?"

"Udongo hauchezi."

"Unachezeshwa. Hebu niambie, umewahi kwenda mnadani Dongobesh? Chukua kibuyu kikubwa kitupu, kirushe juu ya watu siku mnada umejaa. Huyu anakisukuma, yule anakisukuma, hakuna anayejua anakipeleka wapi. Wewe ukiwa mlimani watu huwaoni, unaona kibuyu tu kinarukaruka. Sasa maji yenyewe ndiyo mnada. Yameundwa na vitu vidogo visivyoonekana hata kwa mashine yako, na havitulii. Vinagonga chembe ya udongo kutoka kila upande. Wewe unaona chembe."

"Na ukichemsha?"

"Ukichemsha unaongeza mnada." Alisema hilo kwa upole. "Yakipoa yanarudi kwenye mwendo wake. Lakini hayaachi. Hata uyaweke chupani ufunge mwaka mzima, hayaachi."

Alimwonyesha. Alimpeleka kwenye maabara ya shule yake, akachukua maji safi, wakaangalia pamoja kwenye hadubini: kweupe. Akatia chembe ya wino mweusi. Wino ukaanza kucheza, kushoto, kulia, nyuma, juu. Oliva alipumua kwa mara ya kwanza tangu jana. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe ilikuwa hivyo tu. Kumbe maji ya kigango hayakucheza kwa sababu hayakuwa na vumbi la kuchezesha.

"Waambie taratibu," alisema Idrisa akimsindikiza stendi. "Hata waliosoma sana iliwachukua miaka kuliamini jambo hili."

Lakini Oliva hakuwa na nafasi ya taratibu. Usiku kucha aliwaza namna ya kumwonyesha baba yake mkubwa peke yake, kabla wazee hawajakaa, na aliwaza vizuri, msiseme hakuwaza. Maji atatumia ya kigango, ambayo Mzee Sulle mwenyewe alikiri ni safi. Vumbi halitatoka chemchemi wala kwa Natalia. Litatoka mahali ambapo mzee hawezi kupashuku, jikoni kwake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alifika na boksi la hadubini na chupa ya maji ya tangi. Jua lilikuwa limetoka mapema. Alimwomba Imakulata majivu kidogo ya jiko, Imakulata akampa kwenye kipande cha gazeti, akasimama mlangoni kutazama. Oliva aliweka tone tupu kwanza.

"Kweupe," alisema Mzee Sulle.

Akatia majivu, kiasi cha kubaki ncha ya kidole, akakoroga kwa kijiti, akaweka tone jingine. Mzee akainama.

Oliva alianza kueleza huku mzee angali ameinama. Alieleza mnada, alieleza kibuyu. Alieleza kwamba maji yote, kila mahali, yana mwendo huo ndani yake, na kwamba ukitia vumbi lolote laini utauona. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Mzee Sulle alimwacha amalize, kama kawaida yake, kisha akainuka na kukaa kwenye kigoda.

"Haya ni maji ya kigango?"

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Yale yale ya Jumanne?"

"Yale yale."

"Jumanne yalikuwa yametulia. Niliangalia mwenyewe."

"Kwa sababu hayakuwa na majivu."

"Na haya majivu ni ya wapi?"

"Ni ya jikoni kwako. Mama mkubwa amenipa sasa hivi."

Mzee aligeuka akamwangalia mke wake mlangoni, na Imakulata akaweka mkono mdomoni. Oliva alikuwa bado hajaona. Ndiyo shida ya mtu mwenye haki mkononi, anaangalia haki tu, haangalii nyuso.

"Jiko ambalo mjukuu wangu alipikiwa uji wake wa mwisho," alisema Mzee Sulle polepole. "Kwa hiyo jambo hili limefika hapa."

"Hapana. Baba mkubwa, hapana. Halijafika, lilikuwepo. Liko kila mahali. Liko mtoni, liko kwenye maziwa, liko hata kwenye mate yako sasa hivi."

Mzee Sulle alijifuta mdomo kwa upande wa blanketi. Alifanya hivyo bila kujijua, na Oliva alipouona mkono ule ukipita kwenye midomo, hatimaye akaelewa alichokuwa amefanya. Alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, akamkaanga na Natalia.

"Linaisha lini?" aliuliza mzee.

Angeweza kudanganya. Nimewahi kusikia watu wakisema angedanganya tu, angesema mwezi ujao, na ningekuwa mimi labda ningedanganya. Lakini alikuwa mwalimu, na swali lilikuwa na jibu.

"Haliishi," alisema.

"Ulisema kisipokufa kwa moto hutasema tena."

"Nilisema."

"Basi usiseme tena, mwanangu."

Hakukasirika. Alisimama kwa taabu, akiwa amezeeka kuliko Jumanne, akachukua fimbo yake akaenda kwa wenzake. Kikao hakikuwa kirefu. Walipeleka ujumbe kwa Margwe kupitia kondakta wa basi, na jibu la Margwe likarudi jioni kwa kondakta yule yule: wazee wakishasema, yeye hana la kuongeza. Laiti basi lile lingepinduka na maneno yake.

Natalia aliondoka Ijumaa kwenda Balangdalalu kwa kaka yake, kama kaka yake angempokea. Watu waliingia ndani alipopita. Oliva alikwenda kumchukua Lucia kwa Imakulata, alikokuwa ameshapelekwa, akambeba mgongoni, akakata njia ya shambani ili amwahi mama yake barabarani. Alisema moyoni, angalau wakumbatiane. Wazee wakitaka kunifukuza na mimi wanifukuze.

Natalia alikuwa amesimama kando ya barabara na kifurushi. Alipowaona alirudi nyuma hatua tatu, nne, mpaka kwenye mtaro.

"Usimlete karibu," alisema.

"Wifi, wamekosea. Mimi ndiye niliyekosea. Maji hayana kitu, nakuapia."

"Wewe umeona kwa macho yako. Kilifika mpaka jikoni kwa baba mkubwa, na wewe ndiye uliyekionyesha." Hakuwa analia, sauti yake ilikuwa kavu kabisa. "Yule mdogo nilimnyonyesha mimi, wifi, na amekufa. Huyu sitamgusa."

"Mama," aliita Lucia akinyoosha mikono. "Mama, nibebe."

Natalia aliificha mikono yake ndani ya kitenge. Basi lilipokuja alipanda kwa mlango wa nyuma, akakaa upande wa pili, upande usioonekana kutoka pale walipokuwa. Lucia alilia mpaka akalala mgongoni mwa shangazi yake, na Oliva akamrudisha kwa Imakulata kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumrudisha.

Juma lililofuata shule ilikuwa nusu tupu. Oliva alizunguka nyumba za wanafunzi wake, na kila alipofika aliona jambo moja lililomtia baridi: hapakuwa na sufuria ya maji jikoni. Zile nyumba zilizokuwa zinachemsha zilikuwa zimeacha, zote. Alipouliza, wanawake walimwangalia kwa mshangao na huruma kidogo, kama unavyomwangalia mtu aliyesahau jina lake.

Alimalizia kwa Imakulata. Lucia alikuwa amekaa kwenye kigogo nje, amekonda shingo, ameshika kikombe cha bati. Imakulata alikuwa anamjazia kutoka kwenye ndoo iliyotoka chemchemi asubuhi ile.

"Mama mkubwa, shikamoo. Haya yamechemshwa?"

"Marahaba, Oliva. Ya nini tena kuchoma kuni bure?" Imakulata hakuwa na ubaya wowote. "Ulituonyesha mwenyewe pale kigangoni. Ulichemsha mpaka kuni zikaisha, mara ya kwanza na mara ya pili, na wale wadogo hawakufa. Mashine yako haikudanganya. Tumeamua tunamwachia Mungu."

Oliva alimpokonya mtoto kikombe. Maji yalimwagika, Lucia akaanza kulia, kilio kidogo cha mtu asiye na nguvu, akasimama kumfuata. Ndipo Oliva alipoona nyuma ya miguu ya mtoto. Kulikuwa na mchirizi uliokauka mpaka kisiginoni, na mwingine mbichi juu yake, na yote miwili ilikuwa na damu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu juzi," alisema Imakulata. "Anaomba maji tu."

"Shangazi," alisema Lucia, na akanyoosha mkono kwenye ndoo. "Nina kiu."